Jina la Mwanasesere

Ndugu wanafunzi wa Bukoba na Muleba, leo tutazungumza juu ya wanasesere wa zamani. Usicheke, ndugu yangu. Utaona kwamba jambo hili lamhusu mtu ajuaye kusoma na kuandika.

Huko Marekani alikuwako mtoto mmoja, jina lake Shirley Temple. Alizaliwa mwaka 1928, akasifika sana kwa kucheza sinema. Mwaka 1934 kiwanda kiitwacho Ideal kilianza kutengeneza wanasesere wenye sura yake. Mtoto yule alikua, na kutoka mwaka 1974 hata 1976 akawa balozi wa nchi yake huko Ghana. Alifariki mwaka 2014, lakini wanasesere wake wangali wanatafutwa na watu wanaokusanya vitu vya kale.

Je, mtu atamtambuaje mwanasesere wa kweli? Amgeuze, asome nyuma ya kichwa na mgongoni. Wengi wameandikwa jina hapo. Asiyejua kusoma aweza kumwuza kwa bei ya ndizi mbili tatu.

Sasa, atunzwe namna gani? Wanasesere wale wa kwanza walitengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, kisha wakapakwa rangi. Ukimwosha kwa maji, gundi hulainika na uso huharibika. Hewa ikiwa na unyevu, huvimba, ikikauka, hunywea, ndipo rangi ipasukapo. Basi mpanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Usimpake rangi mpya usoni, maana utaifuta sura yake. Nguo yake ikichanika, ishone kwa uzi wa rangi ile ile.

Labda utasema, "Mimi sina mwanasesere wa Marekani." Kweli. Lakini pengine bibi yako alikutengenezea mwanasesere wa maganda makavu ya mgomba. Huyo naye adui zake ni maji, ukungu na wadudu. Hapa kwetu kando ya ziwa mvua ni nyingi. Mweke mahali pakavu penye hewa, mbali na moshi wa jikoni na jua kali.

Lakini huyu hana jina mgongoni. Bibi akifariki, nani atajua alitengenezwa na nani? Wajukuu watamwona takataka, watamtia motoni. Hapo ndipo ilipo kazi yako. Chukua karatasi, uandike jina la bibi, kijiji chake, mwaka, na jinsi alivyofunga maganda yale. Usiandike juu ya mwanasesere mwenyewe. Weka karatasi pamoja naye katika kikapu. Tena mwulize bibi leo, usingoje kesho.

Maswali:
1. Kwa nini mwanasesere wa unga wa mbao haoshwi kwa maji?
2. Nyumbani kwenu kuna kitu gani cha kale kisicho na jina? Andika habari zake kwa mistari mitano.