Hotuba ya Mwenyekiti: Kigango cha Babu



Leo chama kimetimiza miaka 10. Mweka hazina ameshasoma hesabu, mimi sizirudii. Nataka kuwaambia kilichoniingiza chamani.

Babu yangu alikuwa mzee wa Gohu. Kwetu Wagiriama, mzee wa namna hiyo akifariki huchongewa kigango, mti mgumu wenye kichwa cha mviringo, na mwili umekatwa pembetatu kwa mkono. Baba na ndugu zake walikisimamisha, kikafungwa vitambaa, kikamwagiwa mnazi. Hapo ndipo tulipomwelezea babu shida zetu.

Asubuhi moja tukakuta shimo tupu. Tulilaumu wageni, kumbe ni kijana wa nyumba yetu wenyewe. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Shangazi, mtoto alikuwa mgonjwa na sikuwa na hata senti." Mnunuzi alimpa pesa za dawa na unga wa siku chache, basi. Nilikasirika sana. Halafu nikaona haya, maana hata mimi shangazi yake sikuwa na cha kumkopesha.

Wiki ile ile nikaja hapa chini ya mwembe na shilingi 50 zangu za kwanza.

Vigango vingine vimerudi. Jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitoa 30 mwaka 2014, vikafika Kenya mwaka 2019. Cha babu yangu sijakisikia.

Mwaka wetu wa tatu niliomba mkopo nichongeshe kingine. Mlibishana, mnakumbuka! Wengine mlisema si biashara, wengine mkasema ni mambo ya mizimu. Lakini mlinipa. Wazee walikubali, fundi akachonga, na yule kijana alichimba shimo kwa mikono yake mwenyewe. Deni nililimaliza kwa kuuza makuti.

Akina mama, nyumba yenye akiba haimwuzi babu yake. Ombi langu ni moja: tuongeze shilingi 20 kila wiki ziwe mfuko wa wagonjwa. Na mwenye shida aseme mapema, asione haya.