Tovuti ya Duka Dogo: Kuongeza na Kutengeneza

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwenzetu, mfanyabiashara wa asali na maharage wa Murungu, Wilaya ya Kibondo, mbele ya wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kwamba nizungumze juu ya biashara, nilijibu kwamba mimi ni mwuza asali tu. Kamati ikajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. Basi nimekuja. Naona nimepangiwa saa ya baada ya chakula, na nawaona mbele yangu wale wale waliokuwa wakisinzia katika kipindi cha Jiografia. Sitawaamsha. Ila wenye maduka nawaomba wasikilize, kwani nitakayoyasema yamenigharimu fedha, na yamenigharimu heshima kuliko fedha.

Duka langu ni dogo. Lina asali ya misitu yetu ya miombo, maharage, na mihogo mikavu kwa msimu wake. Zamani mtu wa Murungu akitaka kumwuzia mtu wa Dar es Salaam alituma barua, kisha akangoja. Mambo yamebadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2008 ilikuja M-Pesa, tukaweza kupokea fedha bila kusafiri. Mwaka 2009 na 2010 mikongo ya baharini, SEACOM na EASSy, ilifika pwani yetu, na intaneti ikaanza kupanda milima pole pole hadi huku kwetu. Watoto wa Kigoma walio Mwanza, Arusha na hata Ulaya wanataka asali ya kwao, nao hutafuta kwa simu. Hivyo basi, nami nikatengenezewa tovuti ya kurasa tatu: sisi ni nani, tunauza nini, tunapatikana wapi.

Tovuti ile ilikwenda vizuri mpaka tamaa iliponiingia. Nilitembelea tovuti za maduka makubwa ya mijini, nikaona fomu za oda, ramani, saa za kazi na vitufe vya kila rangi. Nikamwambia fundi, "Niwekee vyote." Akaweka, nikamlipa, akaenda zake. Kitu kimoja hatukukifanya, si mimi wala yeye: hatukujaribu chochote.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mwezi wa kwanza hakuna oda iliyopitia fomu. Mwezi wa pili hakuna. Mwezi wa tatu akanipigia simu mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa Mwanza, kwa ukali: "Nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili tovuti yako imeniambia asante, tumepokea. Kama hutaki fedha yangu, sema!"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea. Dukani nilikuwa na kijana wa jirani, mwaminifu, aliyekuwa akisoma barua pepe za duka kila asubuhi. Nikajiambia kwamba oda zinafika, ila huyu anazificha na kuwauzia wateja wangu pembeni. Nilimwita nikamwuliza. Akasema, "Mzee, sijaona oda hata moja." Sikumwamini. Nikamwondoa kazini mbele ya watu, na Murungu si mji mkubwa. Kufika jioni kila mtu alijua kwamba kijana wa fulani ni mwizi.

Mwezi uliofuata binti yangu alirudi likizo kutoka chuoni. Nikamsimulia. Hakunijibu neno. Alichukua simu yake, akafungua tovuti yetu, akajifanya mteja, akaagiza lita tano za asali. Tovuti ikamwambia, "Asante, tumepokea." Kisha akanipa simu ya duka, akasema, "Baba, nionyeshe hiyo oda yangu iko wapi." Haikuwapo. Kazi ya dakika tano! Mimi nilitumia miezi mitatu na jina la mtoto wa watu.

Kasoro ilikuwa hivi. Fomu ile ilikuwa ikituma barua pepe kana kwamba imeandikwa na mteja mwenyewe, yaani anwani ya mteja iliwekwa mahali pa mtumaji, hali barua yenyewe ilitoka katika seva ya tovuti yetu. Ni kama mtu kutuma barua yenye mhuri wa ofisi isiyo yake. Kampuni za barua pepe huiona kuwa ya kughushi, zikaitupa au zikaipeleka katika kapu la takataka. Isitoshe, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti hayo. Na lile neno "tumepokea" lilikuwa na maana kwamba tovuti imeituma barua tu. Haikujua kama imefika.

Dawa yake ni hii, na mwenye kalamu aandike. Kwanza, mtumaji awe anwani ya duka lenyewe, na anwani ya mteja iwekwe katika nafasi ya kujibiwa. Pili, fomu itume kupitia seva ya barua pepe ya duka kwa neno la siri lake, kama mtu anayeingia kwa mlango wa mbele. Tatu, katika jina la tovuti yako yaandikwe maelezo mawili ambayo mafundi huyaita SPF na DKIM. La kwanza hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, na la pili huwezesha kuhakiki sahihi inayotiwa katika kila barua. Nne, kila oda ibakize nakala ndani ya tovuti, ili barua ikipotea oda isipotee.

Baada ya fomu kupona, binti yangu alinikalisha tukapima kila kitufe. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kitufe cha WhatsApp kilikuwa hakifunguki. Fundi aliandika namba yetu kama tunavyoiandika dukani, kwa kuanza na sifuri. Kiungo cha WhatsApp chataka 255, kisha tarakimu tisa zinazobaki, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Kwa duka dogo kitufe hiki chafaa kuliko fomu, maana wateja wetu wengi hawana mazoea ya barua pepe.

Saa za kazi zilituchekesha. Tulijaza 2:00 hadi 12:00, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mashine haijui saa ya Kiswahili! Ikatangaza kwamba tunafungua saa nane ya usiku na kufunga saa sita mchana. Mteja aliyetazama alasiri aliambiwa tumefunga, nasi tumekaa barazani tukipiga miayo. Sasa tumejaza 08:00 hadi 18:00 pale mashine inaposoma, na pale mtu anaposoma tumeandika kwa maneno.

Picha nazo zilikuwa mzigo. Picha iliyopigwa kwa simu za siku hizi huweza kufika megabaiti 4. Tulikuwa na kumi, yaani kama megabaiti 40 kwa ukurasa mmoja. Mteja hulipia mzigo huo kwa bando lake, na mtandao ukiwa dhaifu huchoka akaondoka kabla hajaiona asali. Tulizipunguza kila moja ikawa chini ya kilobaiti 200, na hakuna aliyelalamika kwamba asali haing'ai.

Kwa malipo, tuliacha mipango mikubwa tukaweka Lipa Namba ya duka. Lakini sharti jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa lifanane na jina lililo kwenye tovuti. Sote twawajua matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mteja akiona jina geni ataacha, na ana haki.

Lipo pia jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Fomu yetu ilikuwa inauliza tarehe ya kuzaliwa. Ya nini, kwa mtu anayenunua asali? Tuliifuta. Uliza jina, simu, bidhaa na mahali pa kupeleka, basi.

Ndugu Mwenyekiti, huenda wenzangu wakauliza, je, kitu kikiharibika tuanze wapi? Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia. Swali la kwanza liwe: ni nini kilichobadilishwa mara ya mwisho? Kabla ya kuongeza chochote, chukua nakala ya tovuti nzima uiweke mahali pengine. Ongeza jambo moja, lijaribu, ndipo uongeze la pili, kwani ukiongeza matano kwa siku moja hutajua lipi limeleta ugonjwa. Jaribu kwa simu nyingine na kwa mtandao mwingine, maana simu yako huweza kukuonyesha ukurasa wa jana iliouhifadhi. Tovuti ikizimika kabisa, tazama kwanza kama ada ya mwaka ya jina imelipwa. Ikisema si salama, tazama cheti chake. Vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90, navyo sharti vijihuishe vyenyewe. Tena hakikisha jina la tovuti limeandikishwa kwa jina lako, si la fundi, ili mkigombana asiondoke nalo. Yote hayo yaandike katika daftari, pamoja na tarehe.

Lakini nimeacha jambo kubwa mwisho. Baada ya binti yangu kunionyesha kasoro, sikulala usiku ule. Asubuhi niliwachukua wazee wawili tukaenda nyumbani kwa kijana yule, nikamwomba radhi mbele ya baba yake na mama yake. Kisha nikarudia dukani siku ya soko, mbele ya watu, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu. Alinisamehe, lakini kazini hakurudi. Alisema, "Mzee, nimekusamehe, ila siwezi kukaa tena mahali ambapo mashine ikikosea naulizwa mimi." Sikuwa na jibu. Siku hizi ana kibanda chake cha kutengeneza simu Kibondo mjini. Kila mwanzo wa mwezi hufungua tovuti yangu, akaagiza lita moja kama mteja, akaniambia imefika au haikufika. Namlipa kwa kazi hiyo, na asali ile naye huichukua.

Kwa hiyo basi, ndugu zangu, kila kitufe unachokiongeza ni ahadi kwa mteja. Kikisema "tumepokea", uwe umepokea kweli. Na kikikosea, kijaribu wewe mwenyewe, hatua kwa hatua, kabla hujamnyoshea mtu kidole. Mashine hutengenezwa kwa siku moja, bali jina la mtu halina fundi.

Usiku wa leo mkirudi mabwenini, kila mwenye tovuti ajiagizie bidhaa yake mwenyewe. Kesho asubuhi, kwenye uji, tuambiane ni oda ngapi zimefika.