KUSHUKA MLIMA SI AIBU
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kupanda Mlima Kilimanjaro.

Wengine mtasema, "Aa, hiyo ni kazi ya wageni wenye fedha." Hapana, ndugu zetu. Mlima huu ni wetu. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Lakini hawakujiongoza wenyewe. Walisaidiwa na watu wa huku, na husimuliwa kwamba mmoja wao alikuwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Tena Desemba 1961, tulipopata Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge juu ya kilele. Ndiyo maana kilele kile kinaitwa Uhuru. Kina urefu wa mita 5,895, na Afrika nzima hakuna kinachokizidi.

Basi sisi tuliamua kupanda pamoja na kikundi cha wahitimu wa kisomo. Tulipita njia ya Marangu. Siku ya kwanza tulipita msituni mpaka vibanda vya Mandara, kiasi cha mita 2,700. Siku ya pili tulifika Horombo, kiasi cha mita 3,700.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mkulima hodari. Alitangulia kila mahali. Sisi tukamsifu, "Huyu ndiye dume!" Jioni pale Horombo hakula. Tukamwuliza, "Vipi, ndugu?" Akajibu, "Nimechoka tu." Usiku tukamsikia anatapika. Kumbe kichwa kilimwuma tangu mchana! Alificha. Alikuwa amewaaga wajukuu zake kwamba atafika kileleni, na sisi tulikuwa tumemsifu mno. Aliona haya kurudi.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mdogo kwake. Akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, hebu simama utembee kwa kufuata mstari huu." Mzee akapepesuka kama mlevi. Kiongozi hakungoja kupambazuke. Alimshusha usiku ule ule, na mwenzetu mmoja akafuatana nao. Asubuhi, kule Mandara, mzee alikunywa uji, kichwa kimetulia. Kama tungengoja, huenda tungemzika.

Ugonjwa ule ni wa nini? Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito. Pale kileleni, kila pumzi unayovuta ina oksijeni kiasi cha nusu tu ya ile ya pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Mtu mwenye nguvu hupanda haraka, na kupanda haraka ndiko kunakoleta hatari. Nguvu za jembe hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Kijana anaupata, na mzee anaupata.

Shikeni dalili zake. Kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Ukiona hivyo, sema. Usipande zaidi mpaka upate nafuu. Usipopata nafuu, shuka. Dalili mbaya zaidi ni kupepesuka, kuchanganyikiwa, kukohoa sana, au kuhema hata ukiwa umekaa. Hapo hakuna kungoja. Mgonjwa ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake. Dawa yake kubwa ni kushuka.

Sasa tuseme juu ya matayarisho.

Kwanza, nendeni pole pole. Mtu aweze kuzungumza huku anatembea. Akishindwa kuzungumza, anakwenda mbio.

Pili, kunyweni maji mengi, na kuleni hata kama hamu ni ndogo. Acheni pombe.

Tatu, vaeni nguo za sufu na koti la mvua. Kule juu usiku maji huganda. Nguo ya pamba ikilowa hukaa na baridi mwilini. Wekeni nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Nne, viatu vizoeeni nyumbani kwanza. Kiatu kipya hutoa malengelenge.

Tano, epukeni miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Njia huteleza.

Sita, angalieni moto. Oktoba 2020 moto uliteketeza sehemu ya mimea ya mlima huu. Msitu ule unatunza maji ya mashamba na vijiji vilivyo chini.

Tunao pia vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi ya kubeba mizigo. Huko huitwa wagumu. Jamani, jina hilo lisiwadanganye! Mgumu naye huugua, naye huganda kwa baridi. Kijana asikubali kupanda na kandambili na shati moja. Akiugua aseme, hata kama anaogopa kukosa ujira.

Wala si lazima kila mtu afike kileleni. Kikundi chenu kinaweza kwenda Mandara na kurudi siku ile ile. Mtauona msitu na mbega wake, na mtafurahi. Wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Lakini msipande bila kiongozi aliyesajiliwa.

Mzee wetu yule aliwarudia wajukuu zake akiwa mzima. Aliwaambia, "Kilele sikukiona, lakini ninyi nawaona." Mlima haukimbii. Mtu akiwa hai, atapanda tena.

Mkikaa katika kikundi chenu, jadilini: Kwa nini mwenzetu alificha ugonjwa? Sisi tuliokuwa naye tulikosa nini? Je, hata hapa kijijini tunaficha magonjwa kwa kuona haya?