Mbwa Aliyekwisha Kukua Huja na Historia Yake: Mambo ya Kudai Kabla ya Kumpokea

(Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kwihara, Manispaa ya Tabora)

 

Tunaposema habari za kumlinda mlaji, wengi hufikiria mizani, unga na vocha za simu. Leo naomba tuzungumze juu ya mbwa, na hasa mbwa aliyekwisha kukua, anayehama kutoka mikono ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mtumishi huhamishwa mkoa. Mzee hufariki, na watoto wake wanaishi mjini katika vyumba vya kupanga. Mfanyabiashara hufunga duka. Kila mmoja wao huacha mbwa, na jirani huambiwa: “Mchukue, ni mlinzi mzuri, hana shida.” Maneno hayo huwa ndiyo makabidhiano yote.

Kwingineko katika Afrika Mashariki kuna vituo vinavyofanya kazi ya kumpokea mbwa wa namna hiyo. Jijini Nairobi, katika eneo la Karen, chama cha KSPCA kina kituo cha wanyama waliotelekezwa. Mbwa akifika huchunguzwa, huchanjwa na kuhasiwa au kufungwa kizazi, na ndipo hutafutiwa mtu wa kumchukua. Hapa kwetu Tanzania, pale Usa River mkoani Arusha, shirika la Mbwa wa Africa huokoa mbwa na kuwatafutia makazi mapya. Anayemchukua mbwa kutoka mahali pa namna hiyo hampokei mbwa peke yake. Hupokea pia maelezo ya mtu aliyemchunguza.

Sisi wa Kwihara hatuna kituo kama hicho karibu. Kwa hiyo kazi ya kituo humwangukia mpokeaji mwenyewe. Hilo ndilo neno langu kubwa la leo: mahali pasipo na kituo, mpokeaji awe kituo. Aulize, achunguze, atenge, achanje na aandike.

Kijiji hiki si kigeni katika mambo ya kupokea na kukabidhi. Tembe aliloishi Livingstone mwaka 1872, akiwangoja wapagazi baada ya Stanley kuondoka kurudi Pwani, lilikuwa pia ghala la mizigo ya safari. Mzigo uliofika huku bila maelezo ya mwenyewe na ya yaliyomo ulikuwa chanzo cha ugomvi. Mbwa asiye na maelezo ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kubeba kitu kisichoonekana kwa macho, yaani kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu humfikia binadamu kwa mate ya mnyama mwenye virusi, hasa kwa kung'atwa, na takribani visa 99 katika kila 100 vya binadamu duniani hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, kupona ni jambo la nadra mno. Lakini unazuilika kabisa kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani na wenzake wamejiwekea lengo la kukomesha vifo vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia kuu waliyoichagua ni kuwachanja mbwa, angalau 70 katika kila 100.

Nalitaja hili kwa sababu mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi, akiwa anakula, anacheza na kubweka kama kawaida. Kumtazama tu na kusema “anaonekana mzima” hakutoshi. Wahenga wa sokoni hutuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mbwa huyu hayumo kwenye gunia, tunamwona. Historia yake ndiyo iliyofungiwa.

Basi tuifungue kwa maswali manne.

Swali la kwanza: kadi yake ya chanjo iko wapi? Isomeni. Iwe na tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo la dawa, na jina na sahihi ya mtaalamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kwa ratiba, kwa kawaida kila mwaka. Kadi ya miaka mitatu iliyopita ni kumbukumbu nzuri, lakini si kinga ya leo. Pasipo na kadi, mhesabuni mbwa kuwa hajachanjwa, hata kama anayewapa ni mtu mnayemheshimu sana. Kufanya hivyo si kumvunjia mtu heshima. Yeye mwenyewe huenda aliambiwa hivyo hivyo na aliyemtangulia.

Swali la pili: je, katika miezi sita iliyopita amemng'ata mtu, au ameng'atwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini? Eneo letu linapakana na misitu ya miombo. Fisi na mbweha si hadithi. Jibu likiwa “ndiyo” au “sijui”, msimchukue kabla afisa mifugo hajatoa ushauri. Chanjo inayotolewa baada ya mbwa kuambukizwa si dhamana.

Swali la tatu: kwa nini anatolewa? Kuhama ni sababu moja. Kula kuku wa jirani ni nyingine. Kumrukia mtoto ni nyingine kabisa. Ulizeni kwa upole, kisha waulizeni na majirani wa pale anapotoka.

Swali la nne: amezoea nini? Anaitwa nani, anakula nini, anafungwa wakati gani, anawaogopa watu gani? Mbwa aliyekwisha kukua hawezi kuanza maisha upya kama kitoto cha mbwa. Mkimbadilishia jina, chakula na mahali kwa siku moja, msishangae akikataa kula au akitoroka kurudi alikotoka.

Pamoja na maonyo hayo, sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba mbwa mkubwa ni hasara. Umbo lake mnaliona, tabia yake mnaweza kuiuliza, na ulinzi wake hausubiri mwaka mzima wa kulea. Ila umri nao una gharama. Angalieni meno: yakiwa yamesagika au yamefunikwa na ukoko wa kahawia, huyo si kijana. Angalieni macho yenye ukungu, miguu mizito kuinuka, ngozi na masikio yenye kupe. Mwenye miaka saba au zaidi aweza kuwa mlinzi mwema bado, lakini jiulizeni kama mtaweza kumtibu. Jike ambaye hajafungwa kizazi aweza kuja na mimba, nayo huchukua takribani siku 63 tu. Mliyekusudia kupokea mmoja mtajikuta na saba.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Lakini jirani anayekupa mbwa bure si mfanyabiashara, wala hakuna risiti. Kinga yako hapo ni karatasi mnayoandikiana: jina la mtoaji na mpokeaji, tarehe, rangi na jinsia ya mbwa, chanjo alizopata, na majibu ya maswali manne. Mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, ni vyema zaidi. Ikiwa fedha imelipwa, kiasi kiandikwe. Ikiwa mbwa anatoka wilaya nyingine, ulizeni kwanza ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Unapolipia chanjo, hapo wewe ni mlaji kamili, na una haki ya kuuliza. Anayechanja ni nani? Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, wataalamu wa afya ya wanyama hutambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuonyesha utambulisho wake. Dawa imehifadhiwaje? Chanjo hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Anayeitoa mfukoni au kwenye kapu la baiskeli katika jua la Septemba la Tabora anakuuzia maji. Dai kuona kasha la barafu, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha dai kadi na stakabadhi. Na mbwa anayechanjwa leo kwa mara ya kwanza hakingwi leo. Subirini takribani siku 28 kabla ya kumhesabu kuwa na kinga.

Katika siku hizo mtengeni. Mfungeni kwenye kivuli, kamba iwe ndefu ya kutosha, maji yawepo daima. Mtu mzima mmoja ndiye amlishe. Watoto wasimkaribie anapokula wala anapolala. Aonyeshwe mbuzi na kuku akiwa amefungwa. Mpeni dawa ya minyoo kwa ushauri wa mtaalamu. Kwa familia za Kiislamu, ambazo hapa ni nyingi, banda la nje na vyombo vyake vya pekee humwezesha mlinzi kufanya kazi yake bila kuwatia watu wa nyumba katika mashaka ya tohara. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama amtunze. Kumpokea ni kukubali wajibu huo mpaka mwisho wake.

Yakitokea ya kutokea, mtu aking'atwa, osheni jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Msipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya kienyeji. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na dozi zote atakazopangiwa azimalize, hata kidonda kikipona. Mbwa akikamatika kwa usalama, msimuue kwa hasira. Mfungeni na mwiteni afisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kujua la kufanya. Lakini majeruhi asisubiri siku hizo ndipo aende hospitali.

Ndugu zangu, mtu anayehama na kukuachia mbwa wake anakupa amana, na amana hupokelewa kwa maelezo. Atakayekuwa na mbwa wa namna hii, au anayetarajia kumpokea, aanze na ofisi ya mifugo ya kata wiki hii, kabla ya kamba kubadili mikono.