Majina Kwanza, Mizigo Baadaye

Somo: Mwanzo 46:1–28

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wamelipitia, na wengine watalipitia kabla mwaka haujaisha. Jambo lenyewe ni kuhama. Si kuhama kutoka mtaa hadi mtaa kwa mkokoteni, bali kung'oa nyumba nzima na kuipeleka mbali.

Sisi wenyewe, mume na mke, tulihama Desemba 2018 kutoka Eldoret kwenda Malindi. Mmoja wetu alikuwa amepewa uhamisho wa kazi. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni kama kilomita 310, Nairobi hadi Mombasa kama 480, na Mombasa hadi Malindi kama 120. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 900. Tena Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za sweta na chai ya moto. Malindi iko ufuoni. Tulikuwa tunahamia mji mdogo kuliko ule tuliouacha, wenye hewa nyingine, chakula kingine, na Kiswahili kitamu kuliko chetu.

Bwana Yesu alitufundisha, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 14, kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi nasi tuliketi. Miezi miwili kabla ya safari tulichukua daftari la shule tukaanza kuandika. Tuliandika makochi, vitanda, kabati, cherehani, jiko la gesi, masufuria. Tuliuliza habari za malori, tukaambiwa jambo la maana: malori mengi yanayopandisha mizigo ya bandari hadi Uganda hupitia Eldoret, na yakishuka kurudi Mombasa mara nyingi huwa matupu. Mwenye lori la kurudi hukubali bei nafuu kuliko mwenye lori la kukodiwa kutoka mjini. Hilo nalo tuliliandika. Tuliandika barua za shule za watoto, kodi ya nyumba ya miezi ya kwanza, turubali na kamba. Daftari lilijaa kurasa nne, nasi tukajiona watu wenye hekima.

Jioni moja, baada ya maombi, tuliwasomea watu wa nyumbani daftari lile. Nyanya wa watoto alikuwa ameketi karibu na jiko akichambua maharagwe. Alikuwa amekaa nasi tangu baba alipofariki mwaka 2011. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mmesoma vizuri, wanangu. Kochi limeandikwa. Jiko limeandikwa. Hata kamba ya kuanikia nguo nimeisikia. Na mimi je, nimeandikwa ukurasa gani?"

Watoto walicheka. Sisi wawili tulitazamana, na hatukucheka. Maana ukweli ulikuwa huu: hatukuwa tumemwandika popote. Mmoja wetu alidhani kwamba bila shaka Mama atakuja nasi. Mwingine alidhani kwamba bila shaka atakwenda kukaa kwa binti yake kijijini. Tulikuwa tumezungumza usiku mwingi juu ya kabati, kama litapita mlangoni au halitapita, na juu ya mama yetu hatukuwa tumeulizana hata neno moja. Wala yeye mwenyewe hatukumwuliza.

Usiku ule tulifungua Biblia zetu kwa aibu, tukasoma habari za Yakobo alipohamia Misri. Ndugu msikilizaji, sura ile ya 46 ya kitabu cha Mwanzo ni orodha ya kuhama. Isome tena ukipata nafasi. Yakobo alikuwa na mifugo na mali, na Farao alimpelekea magari ya kumchukulia jamaa yake. Hata hivyo, Farao alikuwa amewaambia wasijisumbue kwa ajili ya vyombo vyao. Na Neno la Mungu linapotuandikia orodha, haliandiki vyombo. Linaandika majina: Reubeni na wanawe, Simeoni na wanawe, Lawi na wanawe, mpaka hesabu inafika watu 70. Tulikuwa tumeyaruka majina yale mara nyingi kwa kuyaona marefu na magumu. Usiku ule tulielewa kwa nini yameandikwa. Katika orodha ya Mungu watu huja kwanza.

Asubuhi yake tulifungua daftari upya. Ukurasa wa kwanza tukaandika majina tu, yetu na ya watoto, na jina la Mama juu ya yote. Mbele ya kila jina tukaacha nafasi ya kuandika mambo matatu: anaogopa nini, anahitaji nini, anaacha nini. Kisha tukakaa na kila mmoja peke yake. Kijana wetu wa darasa la saba alikuwa anaogopa kuingia shule mpya mwaka mmoja tu kabla ya mtihani. Mdogo wake alitaka kujua kama mbwa atakuja. Kila mmoja alikuwa na lake, nasi hatukulijua mpaka tulipouliza.

Mama hakujibu siku ile. Alijibu siku ya tatu. Alisema mambo mawili. La kwanza, "Nikiondoka, kaburi la baba yenu litaangaliwa na nani?" La pili alilisema akitazama chini: "Na nikifia huko pwani, mtanirudisha?"

Wapendwa, hapo ndipo gharama ya kweli ya kuhama ilipotufikia. Swali kama lile lilikuwa limekwisha kuulizwa zamani. Yakobo alipokaribia kufa kule Misri alimwita mwanawe Yusufu, akamwapisha asimzike ugenini bali amchukue akalale pamoja na baba zake. Habari hiyo iko katika sura ya 47. Yusufu hakumwambia, "Baba, acha mawazo hayo, wewe bado una nguvu." Aliahidi. Nasi tulitaka sana kumwambia Mama aache mawazo hayo, kwa sababu maneno ya namna hiyo ni rahisi na hayana gharama. Lakini tuliahidi. Tukaandika mbele ya jina lake, "Atarudishwa nyumbani," na tangu mwezi ule tukaanza kuweka fedha kidogo kidogo mahali pake, zisiguswe kwa karo wala kwa kodi ya nyumba.

Sasa tungependa kuwapa mashauri matatu, tuliyoyapata katika safari ile ya Yakobo na katika makosa yetu wenyewe.

Kwanza, agana na unakotoka. Yakobo hakupanda gari na kwenda moja kwa moja. Alisimama Beer-sheba akatoa dhabihu kwa Mungu wa baba yake, na hapo Mungu akamwambia asiogope. Sisi nasi, juma moja kabla ya lori kuja, tulikwenda kijijini na Mama. Tulipalilia kaburi la baba, tukaomba pale, tukamkabidhi dada yetu kazi ya kulitunza. Mama aliinama akaokota jiwe dogo akalitia mfukoni. Hatukumwuliza ni la nini. Siku ile hatukupoteza wakati, ingawa mizigo ilikuwa bado haijafungwa.

Pili, tanguliza mtu. Yakobo alimtuma Yuda mbele ili aonyeshwe njia ya kwenda Gosheni. Usiamini maneno ya kusikia tu. Mmoja wetu alitangulia Malindi kwa siku tano. Alitazama nyumba, shule, kanisa, na mahali ambapo Mama angepata dawa zake za shinikizo la damu. Alionja maji, akajifunza kwamba maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi, na kwamba mji hupata maji yake baridi kutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki. Aliambiwa kwamba hewa ya bahari hula chuma, hivyo cherehani na baiskeli hutaka mafuta kila mara, na kwamba mbao za bara hufura kwa unyevu hata milango ya kabati ikakataa kufungika. Kwa hiyo kabati lile tulilozungumzia usiku mwingi tuliliuza Eldoret. Mablanketi mazito tuliwapa majirani, na fedha za kabati zikanunua vyandarua, kimoja kwa kila kitanda, maana malaria ni kali zaidi kwa mtoto aliyekulia nyanda za baridi.

Lakini hata huyo aliyetangulia hakuuliza yote. Tuliangalia kalenda ya shule, tukaona Desemba inafaa kwa sababu masomo huanza Januari. Hatukuuliza habari za pepo. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani huvuma kaskazi, nayo ni miezi ya joto jingi. Tulimtoa mwanamke mzee katika baridi ya Eldoret tukamwingiza katika joto hilo kwa siku mbili. Usiku alikuwa haoni usingizi. Hakulalamika, na hilo lilituumiza zaidi.

Tatu, kubali kuwa mgeni. Anayehamia mji mdogo huweza kudhani kwamba ametoka mjini kwelikweli, na kwamba yeye ndiye mwenye kufundisha. Kumbukeni Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mke wake Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, huko Nyali. Angeweza kurudi kwao. Alikaa, na mwaka 1846, alipopata mwenzake Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Naye aliketi miaka mingi akisikiliza watu wa pwani wakisema, akiandika maneno yao, hata akatunga sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850. Mtu aliyekuja kufundisha alianza kwa kufundishwa.

Mwalimu wetu sisi alikuwa jirani, mama wa Kigiriama, mwenye umri kama wa Mama. Juma la pili alibisha hodi akiwa na madafu mawili. Alimkuta Mama ameketi barazani akijipepea na gazeti. Akamwambia, "Hii ndiyo kaskazi, mwenzangu. Ngoja kusi iingie, utalala." Akamwonyesha upande wa nyumba unaopata upepo, tukahamisha kitanda siku ile ile. Akamfundisha kupika mchicha kwa tui la nazi, naye Mama akamfundisha kutengeneza mursik, ingawa maziwa ya kule hayakumpendeza. Kusi ilipoingia, Mama alilala. Watu wale wawili hawakuwa wa kanisa moja wala wa kabila moja, lakini walizoeana hata siku Mama asipoonekana barazani, jirani huja kuuliza.

Mama alikaa nasi Malindi miaka mitatu na miezi michache. Mwaka 2022 Bwana alimwita. Alikuwa hospitalini siku sita, na siku ya nne aliuliza jambo moja tu, kama daftari bado lipo. Tulimletea. Hakuweza tena kusoma, basi tukamsomea ukurasa wa kwanza, na mstari ule ulioandikwa mbele ya jina lake.

Tulirudi njia ile ile, zaidi ya kilomita 900, tukiwa na jeneza. Fedha zilikuwepo. Hatukukopa, wala hatukukaa kikao cha ndugu kubishana usiku kucha azikwe wapi, huku mama yetu amelala mochari. Jirani yule alisafiri nasi, yeye ambaye hakuwa amewahi kupita Voi. Tulipokuwa tukikusanya vitu vya Mama tulilikuta lile jiwe dogo kitambaani, tukalirudisha mahali alipoliokota.

Ndugu msikilizaji, pengine wewe nawe una daftari mezani sasa hivi. Pengine ni uhamisho wa kazi, au umestaafu, au biashara imekuita mbali. Hesabu gharama, nasi tunakusifu kwa kuhesabu. Uliza bei ya lori. Uza kabati. Lakini kabla ya hayo yote fungua ukurasa mpya, uandike majina. Mwulize mke wako, mwulize mume wako, waulize watoto. Na kama kuna mzee anayechambua maharagwe karibu na jiko, mwulize yeye kabla hajakuuliza wewe. Akikujibu kwa swali la kaburi, usimnyamazishe. Mwahidi lile unaloweza kulitimiza, liandike, na uanze kuliwekea akiba leo.

Na tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, wewe uliyewaongoza baba zetu walipohama hema kwa hema, waongoze wote wanaofunga mizigo yao leo. Wafungue macho wawaone watu wa nyumba zao kabla ya vitu vya nyumba zao. Wape majirani wema huko waendako, nawe uwafanye kuwa majirani wema. Na siku ile ya kuhama kwetu kwa mwisho, utukumbuke kwa majina yetu. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, mpaka tutakapokutana tena.