Ukurasa Uliofungwa kwa Gundi
(Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio)

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka chaki tayari. Somo letu la leo ni saratani ya utumbo mpana. Mtu akiupata ugonjwa huu, watoto wake huuliza: "Je, ni wa ukoo?" Leo mtaona kwa nini swali hilo lina majibu mawili.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe mna maandishi yanayoongoza kazi yake. Maandishi hayo huitwa DNA. Yana herufi nne tu, A, C, G na T, lakini urefu wake ni herufi zipatazo 3,000,000,000. Sehemu yenye agizo moja huitwa jeni.

Ngozi laini ya ndani ya utumbo huchakaa upesi, na chembe mpya huzaliwa kila siku. Kila chembe inapozaa nyingine, maandishi yote hunakiliwa. Nanyi mnaijua taabu ya kunakili. Mwalimu akiandika ubaoni "pole pole pole pole pole", ni rahisi kuruka "pole" moja. Chembe nayo hukosea vivyo hivyo, hasa penye herufi zinazorudiwa.

Kwa bahati njema, chembe ina msahihishaji. Humfuata mnakili nyuma, hutafuta kosa, hulikata, na mahali pake huandikwa upya. Moja ya jeni zinazomtengeneza msahihishaji huyo huitwa MLH1. Sasa sikilizeni vizuri. MLH1 huweza kushindwa kazi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: herufi zake zimekosewa. Mtu huweza kuzaliwa na kosa hilo, amelirithi kwa baba au mama. Hali hii huitwa ugonjwa wa Lynch. Kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kulirithi.

Njia ya pili: herufi zote ni sahihi, lakini hazisomeki. Kipande kidogo kiitwacho methili, chenye atomu 1 ya kaboni na 3 za haidrojeni, hubandikwa juu ya herufi C. Jambo hili si baya siku zote, kwani mwili hutumia methili kufunga kurasa zisizohitajiwa. Lakini zikibandikwa nyingi mwanzoni mwa MLH1, ukurasa hufungwa kama kwa gundi. Agizo lipo, ila halisomwi. Msahihishaji hatengenezwi.

Hapo makosa hulundikana. Iko jeni iitwayo TGFBR2, ambayo husaidia kuizuia chembe isizaane ovyo. Ndani yake mna herufi A 10 mfululizo. A moja ikirukwa, agizo linalofuata huharibika. Chembe huendelea kuzaana, na baada ya miaka uvimbe mdogo huweza kuwa saratani.

Katika saratani 100 za utumbo mpana, kama 15 hukosa usahihishaji. Nyingi za hizo hutokana na njia ya pili, na huwapata zaidi wazee. Njia hiyo kwa kawaida hairithiwi. Wataalamu waliitambua MLH1 mwaka 1994, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba hufungwa kwa methili.

Elimu hii ina faida gani? Maabara huweza kupima kipande cha uvimbe. MLH1 ikionekana imefungwa kwa methili, kwa kawaida watoto hawana sababu ya kuuhofia ugonjwa wa Lynch. Isipokuwa imefungwa, mgonjwa hupimwa damu, ili jamaa zake nao wajue kama yafaa wachunguzwe mapema. Tena zipo dawa zinazoamsha kinga ya mwili, ambazo huzifaa hasa saratani zilizokosa msahihishaji. Marekani iliruhusu moja yao, pembrolizumab, kwa saratani za namna hiyo mwaka 2017.

Basi, ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, usikae nyumbani ukisema ni bawasiri tu. Nenda hospitali. Ikiwa yuko jamaa yako aliyewahi kuugua saratani hii, mwambie daktari. Uvimbe mdogo huweza kuondolewa kabla haujawa saratani.

Maswali ya darasa:
1. Msahihishaji hufanya kazi gani?
2. Methili huifanyia nini MLH1?
3. Njia ipi hurithiwa, na ipi kwa kawaida hairithiwi?

Kwaherini, na someni kwa bidii.