Mutihani wa Leta: tuonyeshwe feza inaenda wapi



Tangu 1967, mutoto wa Congo hapati diplome ya sekondari bila kupita Examen d'État. Kwanza hors-session: dissertation, Kifaransa cha kusema. Kisha siku ine za session. Maulizo ni yale yale kwa inchi nzima. Yanatoka Kinshasa, yanasafiri, yanalindwa, kisha majibu yanarudi Kinshasa kwa kusahihishwa. Kazi hiyo inakula feza nyingi, hatukatai.

Swali letu: ni nani anailipa?

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure, na tangu 2019 Leta ilianza kuitimiza. Lakini finalisti wa sekondari haimo ndani. Yeye analipa "participation". Halafu inakuja feza ya dosiye, feza ya picha, feza ya santri, na ile wanayoita "motivation" ya wasimamizi, ambayo kila mutu anajua na hakuna anayeiandikia risiti. Hata point zako, ukitaka kuzisoma kwa simu, unakatwa unite!

Muangalie mama anayeuzisha mafuta ya mawese kwa soko. Anauzisha kwa franga. Masomo yanamuambia dolari. Dolari ikipanda, mutihani wa mutoto wake unapanda, na karatasi ni ile ile, na siku ni zile zile ine. Asipolipa, jina la mutoto halitumwi. Miaka sita ya sekondari inabakia kwa mulango.

Na kodi yetu pia inaingia mule. Kwa hiyo mutihani huu tunaulipa mara mbili, na hesabu hatujaiona hata mara moja.

Tunaomba kiwango kitangazwe kwa franga, na kila sehemu yake ibandikwe kwa mulango wa kila masomo: hii ya karatasi, hii ya safari, hii ya wasahihishaji. Na wabunge waweke mutihani kwa bajeti ya Leta, wasiuachie mama wa soko. Mukiombwa feza, muombe risiti. Prefe akikataa, muandike tarehe na kiasi.

Juma ine asubui tunapeleka barua kwa ofisi ya masomo ya provensi. Mukuje na risiti zenu. Wale ambao walilipa bila risiti, mukuje wa kwanza.